Kaya ya nani? Juma moja na diwani wa Lugambe

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumanne. Balbina Libenanga amesimama kwenye tope lililomfika nusu ya muundi. Mkono mmoja umeshika ngazi ya dungu, mwingine umeshika karatasi tatu zilizomo ndani ya mfuko wa nailoni. Juu yake bibi mmoja anapiga debe kufukuza ndege. Kila Balbina anapofika katikati ya sentensi debe linalia, ndege wanaruka, na diwani anaanza upya.

"Kila mkuu wa kaya atachimba na kutunza choo ndani ya eneo la kaya yake," anasoma. Debe. "Atakayekiuka atatozwa faini isiyozidi shilingi elfu tano." Debe tena.

Mwandishi wa makala haya alikwenda Ifakara akidhani kwamba sheria hutungwa ukumbini, kwenye viti vya foronya na glasi za maji. Ukumbi huo upo, na tutaufikia. Lakini kwa Balbina, diwani wa kata ya Lugambe, wiki ya kazi inapita mashambani kwanza, na msikilizaji wake wa leo ameelekeza macho kwenye mpunga, wala si kwenye rasimu.

Dungu, kwa msomaji asiyelijua bonde la Kilombero, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Mvua zikianza Desemba, watu wengi wa Lugambe hufunga nyumba zao, hubeba sufuria, kuku na watoto, wakahamia huko. Hulima, hupalilia, huamia ndege, huvuna. Hurudi Julai. Ukipita mitaa ya Lugambe mwezi huu wa Mei 1998 unaweza kudhani watu wamekimbia vita.

Ndiyo maana Balbina yuko topeni. Rasimu ya Sheria Ndogo za Usafi wa Mazingira ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata siku kumi na tisa zilizopita, ili wananchi waisome na kutoa maoni. Kwa utaratibu wa halmashauri yao, maoni hupokelewa kwa siku ishirini na moja tu, tena kwa maandishi. Siku inayofuata ni kikao cha baraza la madiwani, na kura. Jumatatu alimuuliza mtendaji wa kata yamefika maoni mangapi. Mtendaji alifungua faili, akaligeuza juu chini, akalifunga.

"Aliyeisoma ni mbuzi wa jirani," anasema Balbina. "Na aliipenda, maana ukurasa wa pili aliula."

Mwenye debe ni Yosefina Mponda, mjane wa miaka sitini na ushee. Balbina alimwamkia shikamoo kutoka chini kabla hajagusa ngazi, naye akaitikia marahaba bila kugeuza shingo, kwa kuwa ndege hawana adabu ya kusubiri salamu ziishe. Rasimu ilipokwisha kusomwa, bibi aliweka debe chini.

"Hilo ni jambo jema, mwanangu," alisema. "Ila halinihusu. Kaya yangu iko Lugambe, kule karibu na kisima, na choo ninacho. Njoo ukione."

Balbina akamuuliza, na hapa je?

"Hapa siyo kaya. Hapa shamba."

 Diwani aligeuka kutazama bondeni. Madungu kama arobaini yalikuwa yanaonekana mpaka ukingoni mwa mto, na katika kila moja kulikuwa na watu wanaokula, wanaolala na wanaougua kwa miezi saba ya mwaka. Hakuna hata dungu moja lililokuwa kaya. Alizirudisha karatasi kwenye mfuko wa nailoni taratibu, akaufunga fundo, akakaa juu ya kipandio cha ngazi na tope lake.

Mwandishi alidhani amechoka. Kumbe lile neno lililomkwaza alikuwa amelileta yeye mwenyewe.

Balbina ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa upande wa Mahenge, akaletwa Ifakara angali mdogo. Alifundishwa kupiga chapa na masista, akafanya kazi ya ukarani kwenye ofisi moja ya ushirika mpaka wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1991. Tangu hapo ana meza, kiti na mashine ya kuchapa kwenye kibaraza cha duka huko Mlabani, mtaa wa Ifakara, ambako huwaandikia watu barua: za kuomba kazi, za mirathi, za kumkumbusha mume aliyeko Mlimba kwamba ana mke Ifakara. Ukurasa mmoja ni shilingi mia mbili. Posho ya udiwani, anasema, inamtosha kubadilisha tyubu za baiskeli.

"Walinichagua kwa sababu nilishawaandikia wote barua," anacheka. "Siri zao ninazo."

Anapofika kwenye habari ya Deus hacheki. Deus alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Alikuwa na dungu mwendo wa nusu saa kwa mtumbwi kutoka kwa Yosefina. Aprili mwaka jana, mto ukiwa umejaa, kipindupindu kiliingia mashambani. Asubuhi Deus alikuwa hawezi kusimama. Mkewe, Oliva, alihangaika kutafuta mtumbwi, na mpaka anaupata jua lilikuwa utosini. Deus alifia njiani, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mkewe.

Msimu ule kata ya Lugambe ilizika watu kumi na mmoja. Tisa kati yao walitoka madunguni. Balbina hawezi kuyasema hayo kwa utulivu, na hajaribu.

"Nilikasirika," anasema. "Sikumkasirikia mtu. Nilikasirika tu. Nikasema lazima iwe sheria. Nilitaka kitu chenye mhuri."

Akapeleka hoja. Mwanasheria wa halmashauri akaandika rasimu iliyosema "kila nyumba iwe na choo", na Balbina akaipinga kwenye kamati. Alieleza habari za nyumba za kupanga pale mjini: vyumba sita, familia sita, mwenye nyumba anaishi Morogoro na huja kuchukua kodi tu. Hapo "nyumba" itamwajibisha nani? Akapendekeza neno "kaya". Wajumbe waligonga meza. Marekebisho aliyachapa mwenyewe, kwa mashine yake, kwa utepe mpya alioununua kwa ajili ya siku hiyo.

"Nililiona neno zuri," anasema. "Safi. La kwenye sensa. Nikalala usingizi."

Tulikuwa tunarudi barabarani, yeye akisukuma baiskeli yake ya Phoenix, ndala zimetundikwa kwenye usukani. Alisema, kana kwamba anaiambia baiskeli: "Nimeandika sheria kwa ajili ya Deus, na sheria yenyewe haimfikii Deus."

Siku zilizobaki zilikuwa mbili. Ikipita Ijumaa jinsi ilivyo, rasimu ingekwenda kwa waziri mwenye dhamana, na kuibadilisha baada ya hapo kungekula mwaka mzima au zaidi. Desemba watu wangehamia tena mashambani bila choo na bila sheria. Na wa kuipinga rasimu mbele ya baraza alikuwa yeye aliyeileta. Nilimuuliza kama anaogopa. Alisema anaogopa sana, tena ameanza kuogopa tangu kwenye ngazi ya Yosefina.

Jumatano tulikwenda upande wa pili wa kata, kwenye ardhi ya juu kidogo wanakoishi Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Safari hii tulifuatana na Nazari, bwana afya wa kata, kijana mpole mwenye daftari kubwa la kuorodheshea vyoo. Kati ya wakulima na wafugaji wa hapa yapo maneno mengi, na mengi yanahusu ng'ombe walioonekana kwenye mpunga wa mtu. Balbina huanza na salamu. Alisema "mwangaluka" kwa lafudhi ya Kipogoro isiyofichika, na boma zima likacheka, akaitikiwa "mwangaluka, mayu", yaani mama.

Mwenyeji wetu, mzee Makoye, alitoka Maswa mwaka 1989. Ana wake watatu, wana watano waliokwisha kuoa, na wajukuu ambao aliwahesabu kwa kuwaita majina. Jumla ya watu wa boma lake ni thelathini na wanne. Alituongoza moja kwa moja hadi kwenye choo. Kilikuwa cha matofali ya kuchoma, sakafu ya zege, paa la bati, mlango wenye kitasa na kufuli.

"Nilisikia sheria inakuja," alisema, "nikaitangulia."

Nazari alizunguka choo kile mara mbili kwa furaha. Akaandika kwenye daftari: kaya moja, choo kimoja, safi. Alisema katika kata nzima hajaona kaya iliyotimiza rasimu vizuri namna ile.

Balbina akamuuliza mzee, kwa Kisukuma kaya ni nini hasa? Makoye aliinua fimbo akaizungusha, ikapita juu ya nyumba za wake zake, nyumba za wanawe, maghala na zizi.

"Kaya ni hii yote," alisema. "Na mkuu wake ni mimi. Sheria ikisema kaya, imenitaja mimi."

Hapo mimi na Nazari tuliridhika. Balbina alikuwa anatazama chini. Njia ya kwenda kwenye choo cha watu thelathini na wanne ilikuwa imeota majani. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja tu, upana wa mguu wa mtu mmoja.  Aliwaacha wanaume wakizungumzia chanjo ya ng'ombe, akaenda kwa akina mama waliokuwa wanatwanga.

Mwandishi aliruhusiwa kusikiliza kwa sharti la kuwapa mgongo. Kwa hiyo yanayofuata niliyasikia nikiwa natazama ukuta wa ghala, na ni vyema msomaji alijue hilo.

Aliyezungumza ni Sikitu, mke wa Seni, mtoto wa tatu wa Makoye. Kwanza walicheka sana, kicheko cha kuziba mdomo kwa kanga. Balbina aliuliza, akazunguka, akauliza tena. Mwishowe mchi ulinyamaza.

"Mama, niingie mle anamoingia baba mkwe?" alisema Sikitu. "Nikikutana naye mlangoni, huu uso nitauweka wapi?"

Basi wanakwenda wapi? Sikujua alijibu nini kwa kuwa hakujibu kwa maneno. Balbina alinieleza baadaye kwamba alielekeza kwa kidevu, kwenye matete ya kijito. Wake wa wana wote watano huenda huko, na watoto huwafuata mama zao. Kijito chenyewe kinateremka kusini, kinapita katikati ya mashamba ya mpunga. Yosefina huchota maji yake humo. Deus alikuwa akichota humo.

Kuku mmoja alinidonoa kiatu. Kisha nikamsikia diwani akisema, kwa haraka ya mtu aliyeona njia, kwamba ataliingiza jambo hilo kwenye sheria, iandikwe wazi kwamba mkwe asilazimishwe kutumia choo kimoja na mkwewe.

"Usiandike hivyo," alisema Sikitu. "Itasomwa kwa sauti. Baba atajua imetoka kwangu, na wanaume wote ukumbini watakuwa wananiona mimi nikienda chooni." "Andikeni hesabu. Sisi tuko thelathini na wanne. Semeni choo kimoja, watu kumi. Vitakuwa vinne. Vikiwa vinne, kila mtu atakijua chake bila kuambiwa."

Nimehudhuria semina nyingi za wataalamu, zenye chai na sambusa, na sikumbuki kusikia kifungu cha sheria kikitungwa kwa ufupi ule. Balbina alikiandika hapo hapo kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari la shule, akakisoma tena kwa sauti ya chini. Kisha akairudia njia yenye majani mpaka kwa mzee.

Alimweleza hesabu tu. Choo kimoja kwa watu wasiozidi kumi. Makoye alilitazama kufuli la choo chake kwa muda.

"Basi bado vitatu," alisema.

Tukadhani yamekwisha. Alipokuwa anaipokea pedi ya wino ili atie dole gumba kwenye karatasi ya maoni, alisogea karibu na Balbina na kushusha sauti.

"Mayu, nimeelewa," alisema. "Usilitaje."

Dole lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi. Kufika alasiri yalikuwa ishirini na mawili, kutoka maboma manne. Njiani Nazari alifungua daftari lake, akaisoma ile sentensi ya kaya moja, choo kimoja, safi, akaikata kwa mstari. Hakuna aliyemwambia aikate.

Lakini hesabu ya Sikitu ilitibu nusu tu ya ugonjwa. Dungu la Yosefina lilikuwa bado siyo kaya. Balbina alikaa na swali hilo kwenye meza yake Mlabani, wateja wakimsubiri. Aliandika "dungu", akaona litawaacha wavuvi wanaopiga kambi kandokando ya mto kuelekea Kivukoni. Aliandika "kibanda", akaona kila mtu atasema chake siyo kibanda. Mteja mmoja aliyetaka barua ya kuomba uhamisho alimwambia aandike tu "n.k.", naye akajibu kwamba hakuna aliyewahi kuchimba choo kwa sababu ya n.k.

Alhamisi saa mbili alikuwa tena chini ya ngazi ile ile, safari hii pamoja na Nazari. Alimuuliza Yosefina anafanya nini pale shambani. Naamia ndege, alisema bibi. Na kingine? Napika. Na kingine? Yosefina alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwalimu aliyesahau herufi.

"Nalala, mwanangu. Hata ndege wanalala."

Balbina alikaa juu ya ngazi na kuandika: mahali popote mtu anapolala. Alilisoma mara tatu. Dungu lilikuwamo. Kambi ya wavuvi ilikuwamo. Vile vyumba sita vya kupanga vilikuwamo. Akaongeza siku saba, ili mgeni wa msibani asije akalazimika kuchimba choo.

Yosefina alikuwa na neno jingine, nalo lilikuwa zito. Hapa, alisema, ukichimba mikono miwili unampata kambare. Choo kinachojaa maji kitasambaza uchafu zaidi kuliko kutokuwa na choo. Nazari ndiye aliyejibu. Alinyoosha kidole kwenye kichuguu kikubwa mita chache kutoka dunguni, ambacho bibi alikuwa anakitumia kuanikia mboga. Hata mvua za Elinino zilizopita hazikukifunika. Alisema choo kichimbwe juu ya kichuguu, udongo wake ni mgumu na maji yako mbali. Yosefina alikitazama kichuguu chake.

"Na mboga zangu?" aliuliza.

Aliahidiwa kichanja. Akatia dole.

Kutoka dungu hadi dungu walikusanya madole thelathini na tisa. Njiani kurudi tyubu ya nyuma ilitoboka, posho au si posho, na diwani alisukuma baiskeli kilomita nne kwenye jua, karatasi zikiwa kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu. Karani aligonga mhuri wa kupokelea saa tisa na dakika ishirini. Balbina, mpiga chapa wa miaka zaidi ya ishirini, alikuwa amewasilisha maoni yaliyoandikwa kwa mkono, yenye matone ya tope, na aliomba radhi kwa hilo. Karani hakuelewa anaombwa radhi ya nini.

Ijumaa saa nne tulikuwa ukumbini. Viti vya foronya kweli vilikuwapo, ingawa si vyote. Madiwani ishirini na wanane walivaa majoho, na joho la Balbina lilikuwa fupi kidogo, likiacha miguu yenye mikwaruzo ya majani ya mpunga. Alipoitwa alisimama na kusema anapendekeza neno "kaya" liondolewe.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Raimundi, diwani kutoka upande wa reli, kule juu kuelekea Mlimba. Ni mcheshi, na baraza humsikiliza kwa kuwa huwachekesha kabla ya kuwauma.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "mheshimiwa huyu huyu alitwambia nyumba ni neno bovu na kaya ni neno zuri. Tukagonga meza. Leo kaya nalo bovu. Kwetu nako tumezika watu. Mimi nataka choo, sitaki kamusi."

Ukumbi ulicheka, na Balbina alikaa akiwa amejiinamia. Raimundi hakuwa na hila. Alieleza kwamba rasimu ikibadilishwa itabidi ibandikwe upya, baraza lijalo ni Agosti, kisha ndipo iende kwa waziri, na msimu utawakuta mikono mitupu. Afadhali sheria yenye kilema leo, alisema, kuliko sheria nzuri baada ya mazishi. Vichwa vingi vilikuwa vinakubali, na kusema kweli hata cha mwandishi kilianza.

Balbina alisimama tena. Karatasi alikuwa nayo, hakuisoma.

"Nilikosea," alisema. "Neno kaya nimelileta mimi. Nimekwenda nalo kwa watu siku tatu, na kila nilipofika halikukaa. Kwa wengine ni dogo, kwa wengine ni kubwa. Mdogo wangu alifia mahali ambapo sheria hii haipaoni. Naomba ipaone."

Hakugongewa meza. Mwenyekiti alimgeukia mwanasheria, ambaye alifungua faili na kuzihesabu karatasi mbili za daftari la shule kwa ncha ya kalamu. Madole sitini na moja. Yamepokelewa siku ya ishirini na moja, dakika kumi kabla ya ofisi kufungwa. Kwa kuwa marekebisho yametokana na maoni ya wananchi yaliyofika ndani ya muda, alisema, rasimu haihitaji kubandikwa tena.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Kumi na saba walikubali, tisa walikataa, wawili hawakunyoosha. Kifungu sasa kinasema kwamba mahali popote mtu anapolala kwa siku saba au zaidi pawe na choo, na kila choo kitumiwe na watu wasiozidi kumi. Hakuna diwani aliyeuliza kwa nini kumi. Balbina alikuwa ameandaa majibu mawili ya uongo kwa swali hilo, akarudi nayo nyumbani.

Raimundi alikuwa miongoni mwa wale tisa. Mlangoni alimshika mkono. "Umenibwaga kwa dole gumba," alisema, kisha akamwomba nakala ya kifungu, apate kuwasomea watu wake.

Mwandishi angeweza kuondoka Ijumaa jioni na habari yake imekamilika. Lakini Balbina alisema Jumamosi anakwenda sehemu moja zaidi, na udadisi ndio uliotuletea makala haya tangu mwanzo.

Tulikwenda kwa mtumbwi, yeye, Nazari na mimi, na jembe katikati yetu. Dungu la Deus limeegama upande. Nguzo mbili zimeliwa na mchwa, na ngazi haipo. Oliva alirudi kwao Mahenge baada ya msiba, na shamba halikulimwa msimu huu, kwa hiyo pale ambapo majirani wana mpunga, hapa pana magugu yanayomzidi mtu kimo. Nyuma ya dungu kuna kichuguu. Deus alikuwa anakitumia kukalia akivuta sigara, alisema dada yake, na hapo alilia kidogo, waziwazi, akajifuta kwa ncha ya kanga.

Sheria yenyewe bado. Inasubiri saini ya waziri, na anaomba Mungu ifike kabla ya Desemba. Lakini Nazari, kwa mazoea ya kazi, alikuwa amekwisha kufungua daftari lake juu ya goti. Ukurasa umechorwa safu zilizochapwa zamani, na safu ya kwanza inasema: Jina la Mkuu wa Kaya.

"Hapa niandike kaya ya nani, mama?" aliuliza.

Balbina alimwomba kalamu. Aliyakata maneno Mkuu wa Kaya kwa mstari mmoja ulionyooka, mstari wa mpiga chapa, na juu yake akaandika kwa herufi ndogo: anayelala hapa. Akamrudishia.

Nazari alilitazama dungu, halafu akamtazama yeye. Alisema kwa upole kwamba hapa halali mtu.

"Kuanzia Desemba nalala mimi," alisema Balbina. "Hili shamba nitalilima. Wenye barua zao watanifuata huku na karatasi. Nikikaa Mlabani nikiwaandikia watu sheria za mahali nisipolala, nitakosea tena."

Alipanda juu ya kichuguu, akatemea viganja mate, akainua jembe. Udongo ulikuwa mgumu, na pigo la kwanza lilirudi. Chini yake Nazari aliandika jina: Balbina Libenanga. Alipofika kwenye safu ya choo hakuandika "hakuna". Aliacha kalamu juu ya karatasi, akasubiri.